Kutoka Kutega hadi Kuhesabu: Historia ya Istilahi za Msingi za Fasihi katika Usomaji wa Shule ya Msingi, kwa Mtazamo wa Tingi, Ruvuma

1. Utangulizi

Mtoto anayeanza shule katika kata ya Tingi, Wilaya ya Nyasa, haendi darasani akiwa mtupu wa fasihi. Nyumbani amesikia masimulizi, ametegewa vitendawili, ameonywa kwa methali na ameitikia nyimbo za kazi na za ngoma. Asichokuwa nacho ni majina ya Kiswahili ya vitu hivyo, na hasa majina ambayo mtihani utamtaka ayajue. Insha hii inachunguza majina hayo yalikotoka, yalivyoingia katika vitabu vya kusomea, na yalichobeba njiani.

Tingi imechaguliwa kwa sababu ya mahali ilipo. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Nyasa, yenye makao makuu Mbamba Bay. Upande mmoja ipo milima ya Wamatengo, na upande mwingine upo mwambao wa Ziwa Nyasa wenye wazungumzaji wa Kimpoto, Kimanda na Kinyasa. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya soko, lakini hakikuwa lugha ya jikoni wakati istilahi hizi zilipokuwa zikiundwa. Kwa hiyo historia ya istilahi, ambayo kwa kawaida husimuliwa kutokea Unguja, Mombasa au Dar es Salaam, huonekana kwa sura nyingine inapotazamwa kutoka mahali ilipopokewa.

Hoja ya insha ni kwamba istilahi za msingi za fasihi ziliingia shuleni kwa matabaka matatu, na kila tabaka lilikuja na namna yake ya kumtaka mwanafunzi atende. Tabaka la kwanza lilimtaka asimulie na ategue. La pili lilimtaka apime. La tatu lilimtaka achambue. Mtihani wa taifa uliyakusanya yote matatu, ukayageuza kuwa mambo ya kutambua na kuhesabu. Hasara iliyotokea haikusababishwa na ugumu wa maneno yenyewe. Ilitokea pale maneno yalipotenganishwa na vitendo vilivyoyazaa.

2. Tabaka la kwanza: maneno ya usimulizi

Maneno hadithi, kisa, hekaya, ngano, methali na kitendawili yalikuwa katika kinywa cha watu wa pwani kabla ya kuwapo kwa shule ya hati za Kirumi. Asili zake ni tofauti. Hadithi, kisa, hekaya na methali yanatokana na Kiarabu. Kitendawili na ngano yana umbo la Kibantu. Kwa mzungumzaji wa pwani tofauti hiyo haikuwa na uzito, kwa kuwa yote yalikuwa maneno ya barazani.

Maneno hayo yaliingia katika maandishi ya kufundishia kupitia wakusanyaji wa karne ya 19. Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) alichapisha mkusanyiko wa hadithi za Unguja mwaka 1870. W. E. Taylor alichapisha methali za Mombasa mwaka 1891, na Carl Velten akachapisha masimulizi ya Waswahili mwaka 1898. Kazi hizo hazikukusudiwa watoto wa shule za Kiafrika. Zililenga zaidi wageni waliotaka kujifunza lugha. Hata hivyo, ziliweka mazoea mawili yaliyodumu. Zoea la kwanza ni kuigawa sanaa ya mdomo kwa vichwa vya habari: hapa hadithi, pale methali. Zoea la pili ni kuichapa bila sauti ya msikilizaji, kana kwamba msimulizi alizungumza peke yake.

Katika miaka ya 1920 serikali ya Waingereza iliyapa maneno hayo nafasi rasmi zaidi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa na Idara ya Elimu mwaka 1923, lilisomwa shuleni na nje ya shule. Tafsiri za vitabu vya Kizungu, kama vile Mashimo ya Mfalme Sulemani ya mwaka 1929, ziliifanya hadithi iwe pia jina la kitabu kirefu cha kusomwa kimyakimya. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930. Miongoni mwa majukumu yake yalikuwa kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja na kupitia vitabu vya shule kabla ya kuchapishwa. Tangu hapo, neno lililokubaliwa kwa ajili ya shule ya Tanga lilikuwa pia neno la shule ya Mbinga.

Ni vema kuangalia neno moja kwa karibu. Kitendawili hakikamiliki kwa msemaji mmoja. Anayeanza hutaja jina la tendo, na mwenzake hujibu kwa kumruhusu atege. Bila jibu hilo mchezo hauendelei. Lugha inayouzunguka mchezo huu ni lugha ya mitego: mmoja anatega, mwingine anategua, na aliyeshindwa hutoa mji. Mtoto wa kandoni mwa ziwa, ambaye ameona nyavu zikitegwa jioni na kuteguliwa alfajiri, anaielewa istilahi hiyo kwa mwili kabla ya kuielewa kwa maelezo. Hii ni istilahi iliyokuja na kitendo chake. Hata kitabu kilipoichapa kama orodha, mwalimu na wanafunzi waliweza kuirudisha kwenye uhai wake ndani ya dakika moja.

3. Upande wa ziwa

Wakati maneno ya pwani yalipokuwa yakisanifishwa, mwambao wa Ziwa Nyasa ulikuwa na historia yake ya kusoma na kuandika. UMCA iliyofanya kazi Unguja ndiyo iliyofanya kazi ziwani pia, ikiwa na makao yake katika kisiwa cha Likoma. Meli yake Chauncy Maples iliingia majini mwaka 1901, na Liuli ikawa kituo chake muhimu upande wa Tanganyika. Ziwani misheni hiyo ilitumia Kinyanja katika ibada na katika mafundisho ya kusoma. Milimani na Ungoni walikuwapo Wabenediktini, walioanzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Kiwanda cha uchapaji cha Peramiho kilikuja kuwa miongoni mwa vyanzo vya maandishi ya Kiswahili kusini mwa nchi.

Kwa hiyo sehemu ya wakazi wa mwambao ilikuwa na majina mengine ya sanaa ya maneno. Katika Kinyanja, methali ni mwambi, na simulizi la kubuni ni nthano. Neno nthano linastahili kuangaliwa zaidi, kwa sababu halilingani sawasawa na hadithi ya kitabuni. Nthano kwa kawaida hubeba wimbo ndani yake. Msimulizi anapofika mahali fulani huimba, wasikilizaji huitikia, na mara nyingi wimbo huo ndio unaosukuma tukio mbele. Ukiuondoa wimbo, kinachobaki ni muhtasari wa nthano.

Mfumo wa istilahi wa shule haukuwa na kisanduku cha kitu hicho. Hadithi iliwekwa katika ukurasa wa nathari. Wimbo uliwekwa katika ukurasa wa ushairi au katika kipindi cha kuimba. Mtoto aliyeuliza nthano ya bibi yake iwekwe wapi angeambiwa, kwa ukimya wa kitabu, kwamba haina mahali. Hapa ndipo istilahi inapoonyesha nguvu yake. Pamoja na kutaja kilichopo, huamua kipi kitahesabiwa kuwa kimoja na kipi kitakatwa viwili.

Ni haki kusema pia kwamba tatizo hili halikuwa la ziwani peke yake. Ngano za pwani nazo zina nyimbo, na wakusanyaji wa mwanzo waliziandika. Kilichopotea njiani, kuanzia mkusanyiko wa mtaalamu hadi kitabu cha darasa, ni uhusiano wa wimbo na simulizi. Tofauti ni kwamba mtoto wa pwani alibaki na neno ngano lililokumbuka uhusiano huo, ilhali mtoto wa ziwani alipewa neno geni lililokwisha kuusahau.

4. Tabaka la pili: maneno ya kupima

Istilahi za ushairi zina historia tofauti, kwa kuwa ni istilahi za mafundi. Vina, mizani, ubeti na kituo vilikuwa maneno ya watunzi waliokosoana wenyewe kwa wenyewe, na kurasa za mashairi za Mambo Leo ziliyasambaza bara. Mtu wa Songea au Tabora aliyetaka shairi lake lichapwe alilazimika kujifunza kanuni hizo kwa kusoma na kuiga.

Hatua kubwa ilikuwa kitabu cha Kaluta Amri Abedi, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri, hakuwa mtu wa mwambao. Alikulia Ujiji, kandoni mwa Ziwa Tanganyika. Jambo hili lina maana. Aliyeziandika kanuni za ushairi wa pwani kwa utaratibu wa kufundishika alikuwa mtu wa bara aliyejua kwamba msomaji wake huenda hakuzaliwa ndani ya desturi hiyo. Kitabu kilifungua mlango: kanuni zilizopatikana kwa kukaa na watunzi sasa ziliweza kupatikana kwa kusoma.

Mlango huohuo ulileta hatari. Kanuni inayomsaidia mtunzi kutunga hubadilika tabia inapogeuzwa kuwa fasili ya kumwezesha mwanafunzi kutambua. Kwa mtunzi, mizani ni kitu cha kusikia: sikio linakataa mshororo uliopungua. Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi, mizani ikawa kitu cha kuhesabu kwa vidole. Tuchukue mshororo wa mfano, uliotungwa kwa ajili ya ufafanuzi huu: "Ziwa letu limetanda, nyavu zetu tumetega." Mwanafunzi anaweza kueleza kwa usahihi kwamba una vipande viwili, kila kimoja chenye mizani minane, na kwamba kina cha kati ni "nda" na cha mwisho ni "ga". Anaweza kupata alama zote bila kuulizwa ni nani anayesema "letu", na kama ziwa lenye nchi tatu kandoni mwake ni la nani.

Mfano huo hauna maana kwamba kuhesabu ni upuuzi. Mtoto wa Mbinga anaijua mizani vizuri, kwa kuwa kahawa ya wazazi wake hupimwa kwayo, na anajua kwamba mizani isiyo ya haki ni jambo la kugombewa. Sitiari iliyomo ndani ya istilahi ni hai kwake kuliko kwa watoto wengi wa mjini. Mwalimu anayeanzia hapo, yaani kwa swali la kwa nini watunzi waliona maneno yanapaswa kupimwa kama mali, anafundisha fasihi. Anayeanzia kwenye fasili anafundisha hesabu ya silabi.

5. Tabaka la tatu: maneno ya kuchambua

Baada ya Azimio la Arusha na tangazo la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, Kiswahili kiliimarishwa kuwa lugha ya kufundishia katika elimu yote ya msingi. Mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ilianza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa mara ya kwanza ilihitajika lugha ya kuzungumzia fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili, katika ngazi ya juu kabisa.

Neno fasihi lenyewe ni ushahidi wa badiliko hilo. Katika kamusi ya Kiswahili na Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, fasihi ni kivumishi: ni sifa ya usemi safi na fasaha. Katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, ni nomino inayotaja sanaa nzima ya maneno. Kati ya miaka hiyo miwili sifa ilikuwa taaluma. Fani, maudhui, dhamira, mhusika na taswira yalipewa kazi maalumu katika kipindi hichohicho. Mengi ya maneno hayo yalikuwapo katika lugha kwa maana nyingine. Dhamira, kwa mfano, ilikuwa nia ya mtu moyoni kabla ya kuwa nia ya kazi ya fasihi. Nahau nalo ni neno ambalo katika Kiarabu linahusu sarufi, lakini shuleni Tanzania likawa jina la semi zenye maana iliyojificha.

Wakati huohuo ulizuka mgogoro kuhusu fasili ya shairi. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, kikiwa na mashairi yasiyofuata vina na mizani. Mulokozi na Kahigi walitetea upana wa ushairi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979. Upande wa pili walisimama watetezi wa kanuni za jadi, waliosema kwamba kisicho na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Mgogoro huo kwa kawaida huelezwa kama ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko, wazee na vijana, pwani na bara. Katika shule ya msingi ulikuwa na maana nyingine, iliyo rahisi zaidi. Iwapo shairi ni vina na mizani, wimbo wa kupalilia kahawa unaoimbwa kwa kiongozi na waitikiaji si shairi, na mtoto anayeujua hana ushairi. Iwapo shairi ni pana zaidi, mtoto huyo ameingia darasani akiwa na diwani kichwani.

Vyuoni hoja ya upana ilipata wafuasi wengi. Hata hivyo, katika mazoezi ya shule ya msingi, fasili ya vina na mizani iliendelea kutawala. Sababu yake haikuwa ya kinadharia. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililoharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, idadi ya wanafunzi ilipanda haraka kuliko idadi ya walimu waliofundishwa kikamilifu. Mwalimu mwenye darasa kubwa na vitabu vichache anahitaji maswali yenye jibu moja. Idadi ya beti ina jibu moja. Sauti ya mhusika haina.

6. Istilahi katika karatasi ya mtihani

Karatasi za Kiswahili za mtihani wa kumaliza elimu ya msingi za miaka ya 2010 zinaonyesha matokeo ya safari hii. Zilikuwa na sehemu ya lugha ya kifasihi, iliyouliza maana za methali, nahau na vitendawili, na sehemu ya ushairi, iliyozoea kuuliza idadi ya beti au mizani, vina vya kati na vya mwisho, na maana ya maneno. Majibu mengi yalikuwa ya kuchagua herufi.

Ni rahisi kulaumu mtihani, lakini lawama peke yake haitoshi. Mtihani mmoja wa taifa uliwapa mtoto wa Tingi na mtoto wa Tanga karatasi moja na kipimo kimoja, na hilo ni jambo la haki lililopiganiwa. Istilahi sanifu ndiyo iliyowezesha haki hiyo. Bila neno moja la ubeti, kusingekuwa na swali moja la ubeti. Aidha, sehemu ya ufahamu iliendelea kuwapa wanafunzi nafasi ya kufuata fikra za mwandishi.

Tatizo liko kwenye kilichotokea kwa kitendawili. Katika orodha ya majibu ya kuchagua, hakuna anayetega wala anayeomba mji. Neno lililotoka kwenye tabaka la kutenda limesukumwa kwenye tabaka la kutambua. Methali nayo huulizwa ikamilishwe nusu yake ya pili, ilhali katika maisha kazi ngumu si kuikamilisha. Kazi ngumu ni kujua isemwe lini, isemwe na nani, na isemwe mbele ya nani. Mtoto anaweza kushinda swali hilo na asiweze kamwe kuitumia methali mbele ya mjomba wake bila kumkosea adabu.

7. Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inaonyesha kwamba istilahi za msingi za fasihi hazikutoka mahali pamoja wala hazikukusudiwa kazi moja. Maneno ya usimulizi yalitoka barazani, maneno ya kupima yalitoka kwa watunzi, na maneno ya kuchambua yalitoka chuoni. Vitabu vya shule viliyapanga katika safu moja kana kwamba ni vitu vya aina moja, na mtihani ukayafundisha yote kwa njia moja.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanafuata kwa waandaaji wa vitabu vya kiada. La kwanza ni mpangilio: tendo litangulie jina. Mwanafunzi ategue kwanza, asimulie kwanza, aimbe na kuitikia kwanza. Kisha apewe neno ambalo mwenzake wa Kigoma na wa Lindi pia analitumia. Hapo istilahi sanifu itakuwa daraja na si lango lililofungwa. La pili ni kuruhusu jina la nyumbani likae kando ya jina la shule, angalau katika mazungumzo ya darasani. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikwisha kuzitambua lugha za jamii kuwa hazina ya taifa. Neno kama nthano halishindani na hadithi. Linaikumbusha hadithi kwamba iliwahi kuwa na wimbo.

Mtoto wa Tingi hahitaji kupunguziwa istilahi. Anachohitaji ni kuonyeshwa kwamba anapoambiwa mizani, kituo, kutega na kuitikia, anaambiwa habari za vitu ambavyo mikono yake na sikio lake vimekwisha kuvijua. Fasihi ilianza hapo kabla ya kuitwa fasihi, na somo la fasihi katika shule ya msingi linaweza kuanzia hapohapo.